Nusu Gramu na Mashine Iliyompunja

Ifikapo tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mkaguzi wetu mwandamizi atakuwa ameitumikia Ofisi ya Mizani na Vipimo kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe, akaikagua, akanipa mimi niikague, kisha akaikagua tena baada ya chai. Jina lake kamili limo kwenye jalada la utumishi na anayelitaka akalitafute huko. Mjini anajulikana kwa jina moja tu, Nusu Gramu, alilobandikwa na wauza nyama bila kushirikishwa. Malalamiko yake pekee kuhusu jina hilo ni kwamba kwa mizani ya sonara yeye havumilii hata robo.

Mimi ninayeandika nimekaa meza ya pili, mkabala na yake, kwa miaka kumi na tisa. Nimeombwa niandike wasifu mfupi na wenye staha. Kuhusu ufupi nitajitahidi.

Aliingia kazini akiwa mbeba mawe. Nawaeleza walioajiriwa juzi: mawe ya rejea, yale mazito ya chuma tunayopimia mizani za watu, yalikuwa ishirini na matano, kila moja kilo ishirini, na gari la ofisi lilikuwa gereji kama lilivyo leo. Nusu Gramu aliyasukuma kwa mkokoteni hadi sokoni, akayashusha, akamsubiri mkaguzi wake amalize soda ya mwenye duka, akayapakia tena. Mwaka wa tatu uzalendo ukamshinda. Alisema mbele ya watu kwamba mizani iliyopitishwa muda ule inapunja. Ikapimwa upya, na kweli ilikuwa inapunja. Mkaguzi akahamishwa, mbeba mawe akapelekwa kozi, na tangu siku hiyo hakuna mkaguzi wa ofisi hii aliyekunywa soda ya mwenye duka, angalau si mchana kweupe.

Utaratibu wake wa kazi ameufundisha kwa kila aliyepita hapa, atake asitake. Weka jiwe, soma, ondoa, subiri, weka tena. Mara tatu. Husema kazi yenyewe imo kwenye kusubiri, kwa sababu mizani iliyochezewa hutulia ukiikodolea macho na kurudia tabia yake ukigeuka. Wenye maduka wamesinzia wakimsubiri. Muuza mchele mmoja aliwahi kufunga ofisi yake ya nyuma, akaenda msibani, akazika, akarudi, akamkuta Nusu Gramu bado yuko kwenye jiwe la pili.

Mkewe ni mshonaji, na ndiye mwenye subira katika nyumba ile. Alinisimulia habari za kifungua mimba wao. Mtoto alipozaliwa mkunga alimpima akatangaza kilo tatu na gramu mia tatu. Baba mtu hakuuliza kama ni wa kike au wa kiume. Aliuliza mizani hiyo ilikaguliwa lini. Kesho yake alirudi wodini na mkoba wa mawe madogo, akagundua inazidisha gramu arobaini, akaifungia kazi, akasahihisha na kadi ya mtoto. Binti huyo leo ni mhandisi wa kompyuta ughaibuni, na ndiye binadamu pekee ninayemfahamu aliyepunguzwa uzito na baba yake kabla hajapewa jina.

Lakini kilichomfanya aogopwe ni namna yake ya kukataa. Kwa utaratibu wetu, mizani ikishindwa kipimo haiondolewi kimyakimya. Husimamishwa juu ya meza mbele ya mwenyewe na mbele ya wote waliopo, lakiri yake, ule muhuri wa madini ya risasi, hukatwa kwa koleo, lebo nyekundu hufungwa, na mkaguzi hutamka kwa sauti kwamba chombo hiki kimekataliwa, kisitumike mpaka kirekebishwe. Wengi wetu hutamka tukiangalia pembeni. Nusu Gramu hutamka kama anasoma taarifa ya habari. Muuza nyama wa kona, yule tunayemwita Kisu, amesomewa maneno hayo mara saba katika miaka ishirini na miwili, naye anazikumbuka zote saba, pamoja na nani alikuwepo na nani alicheka.

Na katika muda wote huo, hakuna cheti hata kimoja cha Nusu Gramu kilichowahi kurudishwa kwa kosa. Katika ofisi ambayo saa ya ukutani huchelewa dakika sita na hakuna anayejali, yeye alikuwa na sifuri yake. Hakuisema, lakini ilikuwa inamkaa mwilini; ungeiona namna alivyotembea kwenye korido.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana najua wengi mmeruka aya za juu mkiitafuta.

Mwaka jana binti yake alimpigia simu akamwambia kwamba akistaafu atahitaji kitu cha kubishana nacho, la sivyo atabishana na mama mpaka wazikane. Akamshauri ajiundie kompyuta mwenyewe, kipande kwa kipande, na akamtumia orodha. Nusu Gramu akaupokea ushauri huo kama amri ya kikosi. Akakitwaa chumba cha kushonea, chumba kidogo cha uani chenye paa la bati, na cherehani ikahamia koridoni pamoja na mwenyewe. Kasha, bodi, prosesa, feni, kila kitu kilikaguliwa kabla ya kufungwa. Skurubu alizihesabu.

Vijiti viwili vya memori alivinunua kwa fundi wa kompyuta wa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Kimoja alikichukua Septemba, kingine Oktoba. Vyote vilikuwa vya kampuni moja na vyote viliandikwa ubavuni namba 3600, ambayo ndiyo kasi ya memori. Akavichomeka, akawasha mashine, na kioo kikamwandikia kwamba memori inakwenda kwa kasi ya 2133.

Mtu mwingine angeshukuru kwamba imewaka. Nusu Gramu aliizima, akavaa viatu, akachukua daftari la makosa na kumfuata fundi dukani kwake kumshtaki kwa kosa la kupunja. Msimamo wake ulikuwa rahisi: pakiti ikiandikwa kilo moja, ndani iwemo kilo moja. Fundi, kijana mstaarabu mwenye mtoto mgongoni na bisibisi mdomoni, alimsikiliza hadi mwisho ndipo akatoa bisibisi. "Mzee, hiyo namba ni uwezo wake, siyo mwendo wake. Inaanza polepole kwa usalama. Ukitaka ikimbie, uiruhusu mwenyewe kwenye mipangilio. Na ikianguka, usije kwangu."

Ndivyo mzee wetu, aliyefunga mizani za watu kwa kuzidisha gramu tatu, alivyoingia kwenye mchezo wa kuikimbiza mashine kupita pale ilipojiwekea, mchezo ambao vijana huuita ovakloki. Hakutaka sifa ya kasi. Alitaka 3600 yake iliyoandikwa kwenye lebo.

Aliiruhusu. Ikakimbia dakika kumi na moja, ikaganda. Akaiwasha tena, ikaganda kabla ya kumaliza kuwaka. Kwa miezi mitatu tulipokea taarifa za mgonjwa kila asubuhi hapa ofisini: leo imeongezwa volti chembe moja, leo imelegezwa hapa, leo imelala vizuri lakini imeamka vibaya. Mimi ningependa tuzungumzie mpira kama watu wengine. Badala yake nilijifunza kwamba kazi ya memori ni moja tu, kushika namba unayoipa na kukurudishia ileile. Ukiipa tano, ikupe tano. Nusu Gramu alisema hiyo ni mizani kabisa, kwa hiyo kama kuna mtu ulimwenguni anayejua kuipima, ni yeye.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya, maana linahitaji miaka thelathini ya ukaguzi. Sisi mawe yetu tunayahakiki moja moja. Jiwe likiwa kweli peke yake, litakuwa kweli hata ukiliweka na wenzake. Basi akachomoa kijiti kimoja, akakipima cha pili saa kumi na mbili mfululizo kwa programu ya kupimia memori, ile inayoandika namba na kuzisoma tena. Hakuna kosa. Akavibadilisha. Saa kumi na mbili, hakuna kosa. Akaridhika kwamba vijiti vyote viwili ni waaminifu, akavirudisha pamoja, akavipa 3600, na kwa zile volti alizokwisha kuongeza, mashine haikuganda tena. Akafunga kasha na kulipiga lakiri ya risasi, ile ya mafunzo yenye alama ya sifuri tunayowapa wanagenzi wajifunzie koleo. Siku hiyo alikuja ofisini na mandazi.

Memori mbili zilizonunuliwa miezi tofauti, hata zikiwa na lebo moja, si lazima zielewane zikikimbizwa pamoja. Fundi angemwambia hivyo kama angeulizwa. Lakini Nusu Gramu alikwisha kuambiwa asirudi kwake, na yeye si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

Mwezi Januari mkuu wa idara akaagiza rejesta ya mizani za mji mzima iingizwe kwenye kompyuta kabla Nusu Gramu hajaondoka. Sababu aliyoitoa ilikuwa maendeleo. Sababu ya kweli ni kwamba vitabu kumi na moja vya rejesta vimeandikwa kwa hati yake, na akishaondoka hakuna atakayevisoma isipokuwa mimi, na mimi pia nina siku zangu. Kompyuta ya ofisi huchukua muda mrefu kuamka kuliko mlinzi wetu. Nusu Gramu akaomba avichukue vitabu nyumbani, kwenye mashine yake yenye lakiri. Akaandika miezi minne, kila jioni, mizani elfu moja mia moja na arobaini, kila moja na mwenyewe, mahali ilipo na uwezo wake kwa kilo. Mwisho wa Mei alikabidhi kazi na hati ya kuthibitisha kwamba rejesta ni sahihi, iliyotiwa saini yake. Mkuu akaitangaza mkutanoni. Tukapiga makofi.

Kwa kuwa hakuna karatasi inayotoka hapa bila jicho la pili, nikapewa mimi kuipitia. Siku ya kwanza nikakuta mizani ya Kisu, ya kilo 150, imeandikwa 214. Nikacheka peke yangu, nikasema mzee kachoka. Siku ya pili nikakuta mizani ya zahanati ya kupimia watoto wachanga, ya kilo 20, imekuwa 28. Halafu mizani ya barua ya posta, ya kilo 5, ikawa 7. Sikucheka tena. Nilikaa na zile karatasi mapajani kama mtu aliyeokota barua ya mapenzi isiyo yake.

Nilimwambia wakati wa chai. Alikana. Alisema mkono wake haujawahi kuandika hivyo, na nikamwamini, maana kidole kikiteleza huandika namba ya jirani, hakigeuzi 150 kuwa 214. Akachukua kalamu akatoa tofauti: sitini na nne, nane, mbili. Kisha akakiuka marufuku ya fundi, akapanda ghorofa ya pili, nami nikamfuata. Fundi alisoma karatasi, safari hii bila bisibisi. Akaeleza kwamba kompyuta huhesabu kwa kuongeza maradufu, moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, na kuendelea, na kwamba tofauti zile tatu zote zimo humo. Mashine ilikuwa inashika namba, halafu mara mojamoja inarudisha na jiwe moja la ziada kwenye sahani. Mashine inayoganda unajua ni mbovu. Hii haikuwa inaganda. Ilikuwa inapunja huku inatabasamu.

Tulirudi ofisini kwa miguu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

Sasa nakiri langu. Mimi ndiye niliyemwambia tusahihishe hizo tatu, tunywe chai, yaishe. Nani angejua? Nani ameshawahi kufungua rejesta hiyo zaidi yetu? Alikuwa anaondoka na sifuri yake, ameihangaikia tangu alipokuwa anasukuma mkokoteni, na mimi nilitaka aondoke nayo. Alinijibu kwamba tatu ni zile nilizoziona. Kama mashine imesema uongo mara tatu mbele ya jicho langu, amesaini kurasa ngapi ambazo hajui zinasema nini? Halafu akasema jambo lililonifanya nitamani kumrushia kikombe. Alisema mashine ni chombo cha kupimia kilichoshindwa kipimo, kina lakiri, na anayejua utaratibu anaujua.

Alhamisi ndiyo siku ya watu kuleta mizani zao. Nusu Gramu aliingia kwa mlango wa mbele na kasha lake kwenye mkokoteni, akachukua namba ya foleni kama kila mtu, namba kumi na saba, akaketi kwenye benchi kati ya Kisu na mama mmoja muuza maharage. Alikuwa amevua kofia. Mkaguzi hakagui mali yake mwenyewe, kwa hiyo zamu ilipofika, aliyesimama nyuma ya meza nilikuwa mimi.

Niliwasha mashine na vijiti vyote viwili ndani, kwa kasi ya 3600, nikaanzisha kipimo. Habari ikatembea sokoni kwa miguu yake yenyewe. Ndani ya nusu saa chumba kilijaa aproni zenye damu, magunia na watu wasio na mizani wala sababu ya kuwepo. Dakika ya arobaini, wakati jua limeshapiga bati la ofisi vizuri, mstari mwekundu ukatokea kwenye kioo. Kisha wa pili. Kisha ikawa mvua.

Niwe mkweli, walicheka. Walicheka kicheko cha miaka ishirini na miwili. Kisu alisimama juu ya benchi na kutangaza, "Mkuki kwa nguruwe, jamani!" na hakuhitaji kumalizia. Nikachukua koleo. Nikakata lakiri kwa mara ya tatu, mara mbili za kwanza nilikosa. Nikafunga lebo nyekundu. Nikatamka maneno, na niliangalia pembeni, naye akaniambia taratibu nianze upya, nimwangalie mwenye chombo. Nikaanza upya. Kisu alikuwa ameshuka kwenye benchi. Nilipomaliza, aliuliza lile swali ambalo amelisikia mara elfu kutoka upande wa pili wa meza, kama anaweza kupewa muda. Nikampa siku kumi na nne za kisheria. Alishukuru na kukunja nakala yake vizuri akaitia mfukoni.

Kisha akapanda kwa mkuu wa idara, akaifuta saini yake kwenye ile hati.

Zile siku kumi na nne nilidhani zitamuua. Asubuhi alikuwa hapa, akiandika rejesta upya tangu ukurasa wa kwanza kwenye kompyuta ya ofisi, ileile nzito ya kuamka, ambayo ina tabia mbaya zote isipokuwa uongo. Jioni na mwisho wa wiki alikuwa chumba cha bati na fundi, ambaye alikuja mwenyewe na mtoto wake mgongoni na hakukumbusha mtu alichosema. Sasa walipima vijiti viwili kwa pamoja. Vikaanguka kwa 3600. Vikaanguka kwa 3466. Wakashuka hadi 3200, vikatulia Jumamosi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, vikaanguka. Jumapili vilevile, saa nane. Wakaongeza volti, wakapunguza, wakabadili feni. Saa nane.

Aliyewafumbua macho ni mshonaji. Alikuwa anapita na kitambaa begani, akasimama mlangoni, akatazama wanaume wawili na mtoto mmoja wakiikodolea macho kompyuta. "Hicho chumba saa nane ni tanuri," alisema. "Kwa nini mnadhani mimi miaka ishirini sijawahi kushona humo baada ya chakula cha mchana?" Nusu Gramu alimuuliza kwa nini hakumwambia. Akajibu kwamba hakuulizwa. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa na mganga ndani ya nyumba na hakuwahi kumpa hata kiti. Jioni ile kompyuta ilihamia koridoni penye hewa, na cherehani ikarudi chumbani kwake, ambako nasikia imepata dari.

Kule koridoni, kwa 3200, vijiti viwili pamoja, mashine ilipimwa siku tatu mfululizo, saa nane zote tatu zikiwemo. Haikukosea. Alichukua kalamu ya wino mzito, akafuta 3600 kwenye lebo za vijiti vyote viwili na kuandika 3200.

Rejesta nayo ilikuwa na mambo yake. Asubuhi ya Jumatatu baada ya mashine kukataliwa, Kisu alikuja na cheti chake cha mizani, akasimama mbele ya meza ya Nusu Gramu na kudai asomewe alivyoandikwa. Akasomewa 150. Akasema arudie. Akarudia. Akatoka nje akitembea kama mkuu wa mkoa, na mchana wakaja wauza nyama wote wa safu ile, na kesho yake wauza mchele, kisha wakunga wawili wa zahanati na yule wa posta. Kila mmoja alikuwa na cheti mkononi, na kila mmoja alimfanya asome mara tatu. Wengine walisinzia kwa makusudi wakisubiri. Nilidhani wamekuja kumkomoa, na walikuja kumkomoa, lakini walirudi siku baada ya siku hadi tukawa tumethibitisha mizani mia sita na kitu kwa vyeti vya wenyewe, kazi ambayo mimi na yeye tusingeimaliza hata kwa mwezi. Zilizobaki tulizisoma wawili, kitabu kwa kitabu. Makosa yaliyokuwa kwenye rejesta ya kwanza yalitimia matano: kwa zile tatu ziliongezeka mizani ya ghala la nafaka, ya kilo 300, iliyoandikwa 428, na ya duka la misumari, ya kilo 50, iliyoandikwa 54. Kwenye rejesta mpya hatukukuta hata moja.

Juzi nilimkagulia mashine yake nikaipitisha. Akaitikia kwa kichwa tu.

Ninapoandika haya, ngao ya heshima atakayokabidhiwa tarehe 30 imerudishwa mara moja kutoka kwa mchongaji kabla hajaichonga. Mkuu wa idara, kwa nia njema, alikuwa ameandika rasimu isemayo Miaka Thelathini na Minne Bila Kosa. Alisema lile la kompyuta lilikuwa la mashine, si la mtu, na lilirekebishwa, na ngao si hati ya mashtaka. Nusu Gramu aliomba aione rasimu kama anavyoomba kuona kila kitu. Akakata maneno mawili ya mwisho kwa wino mwekundu, akaandika juu yake, Makosa Matano, akatia saini na tarehe. Mkuu akanituma nikamshawishi. Nilivuta kiti nikaketi karibu naye, nikamwambia mzee, hii itatundikwa ukutani hapa miaka yote, wajukuu zako watakuja kuisoma. Aliacha kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu, na nisiseme ni vumbi. "Binti," alisema, na mimi nina miaka arobaini na minane, "mkiandika sifuri, nitakuwa nimewapunja."

Ngao imechongwa alivyotaka.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ofisi ya Mizani na Vipimo, wa sasa na waliopita, na kwa niaba ya wauza nyama wa safu ya kona ambao wameomba watajwe na wameahidi kuja kwa wingi, tunakushukuru, mzee wetu. Umetuchosha na umetuchelewesha, na umetufanya tuone haya mara nyingi tulipotaka kufanya njia ya mkato. Tunamshukuru na mama kwa kutuazima mumewe. Meza ya kwanza itakaa wazi kwa muda, si kwa sababu ya upungufu wa watumishi, bali kwa sababu nimemkataza mtu yeyote kukaa hapo kwanza. Pumzika salama, ule vizuri, ubishane na kompyuta na si na mkeo, na Mungu akujalie miaka mingi yenye usingizi wa mtu aliyesema ukweli wake wote.